Tundu Lililozibwa kwa Lehemu

Zamda Halfan alikuwa anapiga rangi mlango wa Fuso ya mdogo wake kwenye gereji yake pale Makambako, asubuhi, kabla upepo wa mji ule haujaanza kubeba vumbi. Alipofinya bunduki ya rangi, ikatema kama mtu aliyepaliwa. Madoa mazito ya kijani yakatapakaa kwenye bati alilokuwa ameshalipiga msasa. Halafu rangi ikatoka vizuri, laini. Akaachia, akangoja kidogo, akafinya tena. Ikatema tena, kisha ikatulia. Zamda akaweka bunduki chini, akaenda kutazama geji ya kompresa.

Mshale ulikuwa unapanda. Alikuwa ameuweka chini, mahali pa kupigia rangi, na hakuna mtu aliyeigusa regyuleta inayodhibiti upepo. Lakini kila bomba lilipofungwa, mshale ulijongea juu polepole kama mama anayepandisha mlima na kuni kichwani. Alipofungua bomba, lilikohoa.

Kikohozi hakikumshughulisha. Kompresa ile ilikuwa inakohoa tangu alipoinunua. Aliipata Njombe, kwenye mnada wa karakana ya umma ya kutengeneza matrekta, mwaka ule ambao kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Karakana yenyewe ilichukuliwa na tajiri wa mbali, ambaye alimbakiza meneja wa zamani, Bwana Odilo, aiendeshe. Vifaa vilivyoonekana vimechoka vilitolewa uani na kuuzwa. Zamda alipoifikisha kompresa nyumbani aliona kwamba tangi lake bado lina upepo, ingawa lilikuwa limekaa bila kazi tangu masika ya nyuma. Akafungua koki ya chini. Yakatoka maji yenye kutu, halafu pumzi ndefu ya moto, halafu kikohozi kikavu cha mwanamume mtu mzima. Akafunga koki, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri.

Habari za upepo alifundishwa na baba yake. Mzee Halfan alikuwa fundi wa breki za treni pale stesheni, na alipenda kusema kwamba regyuleta ni bawabu: nyuma yake kuna tangi lenye nguvu, mbele yake kuna bomba lenye kazi, na yeye anapitisha kiasi tu. Presha ikianguka wakati bomba linatumika, safisha chujio. Bomba likitema maji, mwaga kikombe kinachoyakusanya chini ya chujio. Mshale ukipanda wakati bomba limefungwa, kuna uchafu kwenye kikalio cha vali, au mpira wake umekatika. Ila haupandi kimyakimya. Upepo uliozidi hutafuta tundu dogo kwenye kofia ya regyuleta na kutokea hapo ukizomea, na fundi akisikia mzomeo anajua pa kuanzia.

Ya Zamda ilikuwa inapanda na haizomei. Alikuwa ameazimia kuifungua siku hiyohiyo, lakini mdogo wake Abdulatif akaja na shida nyingine.

Abdulatif alikuwa anabeba viazi kutoka Njombe na Matamba. Alikaa kwenye tairi bovu, akaeleza kwamba Fuso imeanza kusimama Mtwango. Injini inaunguruma, gia inaingia, breki haijashika, ila magurudumu yanakataa. Husimama mbele ya nyumba moja ya tofali za kuchoma iliyo kando ya miti ya miwati. Mara ya kwanza alishuka akamkuta mama mmoja anapukuchua maharage barazani. Alipomsalimia kwa lugha ya huko, "Kamwene," na yule mama akaitikia, magurudumu yakakubali kuondoka. Tangu hapo husimama kwenda na kurudi.

"Si mimi peke yangu, dada," alisema. "Wote tunaojaza upepo kwako."

Ilikuwa kweli. Mabasi yaliyojaza kwenye kituo cha mafuta yalipita Mtwango bila kuangalia pembeni. Dereva mmoja alikuwa amejaza matairi ya mbele kwa Zamda na ya nyuma kwingine, na gari lake lilifika pale likagoma mbele huku nyuma likisukuma, likakaa upande barabarani mpaka aliposhuka kusalimia. Madereva hawakulalamika sana. Matairi yale hayakuwa yanapata pancha, na mama mwenyewe alikuwa anawapa togwa. Walichotaka ni kujua kama gereji inaweza kurekebisha jambo hilo, kwa sababu viazi vina soko lake na soko lina saa zake.

Zamda alinawa mikono kwa petroli, akajifunga kitenge safi, akapanda Fuso.

Mama wa Mtwango aliitwa Priska, na majirani walimwita Mama Dorika. Aliwapa viti, akawaletea togwa kwenye vikombe vya bati, akamsikiliza Zamda akieleza habari za tangi lililotoka karakana ya Njombe na kikohozi chake. Alipofika kwenye kikohozi, Priska aliacha kupukuchua.

"Kinakatika katikati," alisema, "kama mtu aliyekumbuka kitu?"

"Hivyohivyo."

"Basi huyo ni Efraimu wangu."

Alieleza bila haraka. Efraimu alikuwa mpiga rangi mkuu wa karakana. Msaidizi wake alikuwa Lameki, mdogo wake Priska mwenyewe, ambaye Efraimu alimwingiza kazini na kumfundisha. Siku moja, wakati wageni waliotaka kununua karakana wanatembezwa, pipa la rangi linalosukumwa na upepo wa kompresa lilipasuka. Efraimu alikufa palepale, bati likiwa kifuani, na hakuna aliyesikia pumzi yake ya mwisho kwa sababu kompresa ilikuwa inavuta upepo kwa kelele. Lameki alipoteza jicho. Uongozi ulisema Efraimu alifungua regyuleta kupita kiasi ili aonekane hodari mbele ya wageni. Lameki alikubali, maana jambo la mwisho alilowahi kuona kwa macho yake mawili lilikuwa mkono wa shemeji yake ukizungusha kishikio. Hakuja matangani. Karakana ilimpa kazi ya getini, naye hakukanyaga tena kwa dada yake. Kijijini watu wakaanza kusema kwamba Efraimu alijiua kwa majivuno na kumpofusha ndugu wa mkewe, na njia iliyopita mbele ya nyumba ikaanza kuota nyasi.

Sasa Lameki alikuwa anamwoza binti yake, Esnath. Kwa desturi yao, shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi na kumtoa nyumbani kwa mkono wake. Priska alikuwa shangazi pekee. Lameki alikuwa amemwomba mke wa mwinjilisti afanye kazi hiyo, na harusi ilikuwa Jumamosi.

"Magari yalipoanza kusimama nilifurahi," Priska alisema. "Nilijua ni yeye anawaleta watu."

Zamda akamwambia kwamba anataka kuifungua regyuleta, lakini hawezi kumfungua mume wa mtu bila ruhusa. Priska akaingia ndani, akavaa koti lake la mitumba, akafunga mlango.

Gerejini, Zamda alitandika gunia safi mezani na kumweka Priska kwenye kiti karibu. Kwanza alimwonyesha ugonjwa. Aliweka mshale chini, akafunga bomba, wakatazama pamoja ukipanda, pole kwa pole, hadi ukawa sawa na geji ya tangi. Akazungusha kishikio kurudisha nyuma. Mshale haukushuka. Akarudisha mpaka mwisho, mpaka kishikio kikawa kinazunguka bure. Mshale ukabaki juu.

"Hapa ndipo ninaposhangaa," Zamda alisema. "Mtu akirudisha, uliozidi unatakiwa utoke. Huu hautoki."

Akafunga koki ya tangi, akalegeza bomba, upepo uliokuwemo ukaisha. Akaivua regyuleta. Ndani ya kofia springi ilikuwa nzima, na ngozi ya mpira chini yake haijachanika. Kwenye kikalio cha vali alikuta chembe ya kutu, ndogo kama punje ya ulezi, imejikita kwenye mpira na kuuachia alama. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapitisha upepo wakati mlango umefungwa. Ni ugonjwa wa kawaida, alimwambia Priska. Kitambaa kisicho na nyuzi, mpira mpya, kazi imekwisha. Haumuui mtu.

Halafu aliipangusa kofia kwa petroli. Rangi ya kijivu ilipotoka, chini yake ikang'aa tone la lehemu. Tundu la kutolea uliozidi lilikuwa limezibwa, kwa mkono wenye uangalifu, kisha likapigwa rangi lisionekane.

Priska alilitazama kwa muda. Aliuliza kama kutu inaweza kufanya hivyo. Zamda akamjibu kwamba kutu haina kifaa cha kuchomea lehemu. Akalichokonoa tone lile, likaruka na kuanguka sakafuni. Akaifunga regyuleta kama ilivyokuwa, na chembe yake ndani, ili waone. Akafungua tangi.

Mshale ukapanda kidogo, kisha tundu likaanza kuzomea. Mzomeo ukawa mwembamba, ukakohoa, ukakatika katikati.

"Priska," Efraimu alisema.

"Nipo."

"Jicho la Lameki lilipona?"

"Halikupona."

Priska alitoa leso akafuta kofia ya regyuleta, mahali ambapo petroli ilikuwa imebaki. Kisha Efraimu akaeleza, kwa sauti yake ya kikazi, kwamba alikuwa amemwambia Odilo regyuleta inavuja, wasimamishe kazi aisafishe. Odilo akamwambia mzomeo ule utawafanya wageni wadhani karakana ni mbovu. Baada ya chakula cha mchana Efraimu alikuta kimya, akadhani imetengenezwa.

Abdulatif, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kama Fuso ipigwe upepo sasa hivi waende karakana Njombe, au waondoke kesho yake asubuhi. Zamda akasema asubuhi. Akasafisha kikalio, akakata mpira mpya kutoka tyubu nzuri, akaifunga regyuleta. Aliweka mshale mahali pamoja, ukakaa pale kama umepigiliwa msumari. Priska alilala kwa Zamda, na majirani wakaleta wali.

Asubuhi madereva waliojaza upepo gerejini walikuwa wengi kuliko kawaida. Efraimu alisukuma bila kukohoa. Zikaondoka Fuso za viazi, na za chumvi, za mbolea, za saruji. Zilipofika Mtwango hazikusimama, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwepo. Zilipofika Njombe, kila moja iliacha njia yake, ikapanda mlima wa karakana na kusimama getini, moja nyuma ya nyingine, mpaka foleni ikapotelea kwenye ukungu. Madereva walizima injini na kushuka. Wengine walinunua mahindi ya kuchoma.

Getini alikuwepo Lameki, amejifunga blanketi juu ya koti la kazi. Alimwona dada yake akishuka kwenye Fuso ya mbele, akageuza uso, akamwachia upande wa jicho bovu. Zamda alishusha mtungi mdogo aliokuwa ameujaza kwa Efraimu, akaufungia regyuleta ileile, akauweka kwenye meza ya Lameki, kando ya kikombe chake cha chai. Makusudi kabisa alikuwa ameirudisha ndani ile chembe ya kutu aliyoihifadhi, kwa sababu alijua bila ugonjwa tundu halisemi.

Wafanyakazi wakatoka. Bwana Odilo naye akatoka, amevaa tai, akauliza nani anaziba njia. Akaliona lile tundu wazi kwenye kofia ya regyuleta. Lilikuwa linazomea.

"Odilo," tundu lilisema.

Bwana Odilo alivua kofia yake. "Efraimu," alisema. "Habari za siku nyingi."

Efraimu alijibu nzuri. Akauliza nani alitia lehemu. Hakuuliza kwa hasira, na labda hiyo ndiyo sababu Odilo hakupata mahali pa kushikia. Aliwatazama wafanyakazi, akazitazama zile Fuso zilizopangana hadi kwenye ukungu, akamtazama Priska. Alikuwa mtu mzoefu wa vikao, na alijua kwamba mbele ya marehemu hakuna taarifa inayoweza kurekebishwa.

"Mimi," alisema. "Wageni walikuwa wananisubiri ofisini. Nilitia mwenyewe."

Lameki alikuwa bado amegeuza uso. Akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba yeye aliuona mkono. Aliuona unazungusha.

"Uliuona," Efraimu alisema. "Nilikuwa narudisha nyuma, Lameki. Niliona mshale umepita, nikakuita utoke, nikawa narudisha. Haukushuka."

Midomo ya Lameki ilikuwa inakwenda kama anayetafuta jina. Kisha akakumbuka kwamba kweli kulikuwa na sauti inayomwita, na kwamba aligeuka kuiitikia, na kama asingegeuka macho yake yote mawili yangekuwa mbele ya pipa. Alilisema hilo kwa sauti, polepole, akilipanga. Akavua blanketi lake, akamfunika dada yake mabegani, maana kulikuwa na baridi ya kuuma.

"Dada," alisema, "Jumamosi tunamtoa Esnath. Nani atamshika mkono?"

"Nani mwingine?" Priska alijibu.

Abdulatif alipanda kwenye gari akapiga honi. Ya pili ikaitika, na ya tatu, na honi zikashuka mlima mzima hadi sokoni, wanawake wakaweka chini vikapu vyao wakapiga vigelegele kabla ya kuuliza kuna nini. Wafanyakazi wa karakana walimbeba Priska juujuu mpaka kwenye Fuso, na blanketi la getini. Magurudumu yakakubali yote kwa pamoja.

Harusi ya Esnath ilizungumzwa kwa muda mrefu. Priska alimfunda binti kwa siku zilizobaki bila kulala sawasawa, akamtoa nyumbani kwa mkono wake, kichwa juu, akipita mbele ya watu walewale waliokuwa wakikwepa njia yake. Walisimama kumpisha. Kanisani, mpigaji wa tarumbeta kubwa alikuwa amekauka koo kwa mafua, na bendi ya usharika ilikuwa inaangaliana. Zamda, aliyekuwa amekaa nyuma pamoja na Waislamu wenzake wa Makambako, alisogea mbele na mtungi wake. Alifunga bomba kwenye mdomo wa tarumbeta, akaweka regyuleta chini kabisa, akaongeza kidogo kwa vidole viwili, akisikiliza. Zidisha, na tarumbeta itapiga kelele kama ng'ombe. Punguza, na itapumua tu. Alipopata kiasi chake, Efraimu akaingia kwenye wimbo kwa sauti nzito iliyonyooka. Mpiga tarumbeta alikuwa anabonyeza vitufe tu. Mshale haukutikisika mpaka ubeti wa mwisho. Lameki aliimba besi, machozi yakitoka kwenye jicho moja na kwenye lile lisiloona pia, na mchungaji alisubiri mpaka wote wakamaliza kupangusa nyuso ndipo akaendelea na ibada.

Bwana Odilo alihudhuria. Alikaa meza ya wageni rasmi, akatoa blanketi zuri la zawadi, na alipoombwa kusema neno alisema kwamba ndoa inahitaji uvumilivu. Watu walimpigia makofi ya kiasi.

Jumatatu alifungua karakana kama kawaida, na Lameki alifungua geti. Wakubwa wa wilayani waliambiwa. Walijibu kwamba ajali ilitokea wakati karakana ni ya umma, na ile ya umma haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Mwenye karakana alipiga simu kutoka mbali akasema vivyo hivyo. Taarifa ya kifo haikubadilishwa. Priska hakupata haki yoyote ya mjane, na Bwana Odilo alipandishwa kusimamia na tawi jipya la Makambako.

Efraimu alibaki gerejini. Hakutaka kutolewa, alisema kazi anaiweza na watu anawaona. Zamda alimnunulia chujio jipya na kila jioni alimwaga maji ya kikombe cha chujio ili asipate kikohozi. Magari yaliendelea kusimama Mtwango. Nyasi za mbele ya nyumba zilikwisha, madereva wakajenga benchi la mbao za miwati, makondakta wakaanza kuita kituo kile Kwa Efraimu, na abiria waliosema jina hilo hawakuhitaji kueleza zaidi.

Siku moja ya Juni, umande ukiwa bado mweupe juu ya majani, ilisimama pikapu mpya ya karakana. Dereva alikuwa amejaza upepo Makambako. Bwana Odilo alishuka, kama wanavyoshuka wote, akavuka mtaro, akasema, "Kamwene." Priska aliitikia akiwa amekaa, mikono yake ikiendelea na maharage. Alimwambia mjukuu wa jirani alete togwa. Odilo aliinywa yote kwa kusimama, akashukuru, akabaki na kikombe mkononi kama anayetaka kuongeza jambo, lakini nyuma ya pikapu Fuso mbili za viazi zilikuwa zinasubiri nafasi ya kusimama, na ikabidi aondoke.